Jela ya Kuta Tatu: Mhamiaji, Faili la Siri na Usalama wa Taifa

(Mhadhara wa jioni, umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Wazee wangu, kina mama mliofika, ndugu zangu, nanyi wanafunzi wa sheria mliojazana kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka: asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie usalama wa taifa na haki za wahamiaji. Mada hiyo haitoshi jioni moja, kwa hiyo nitaibana. Nitazungumzia serikali inapomweka mgeni kizuizini bila kumfungulia mashtaka, kwa ushahidi ambao mgeni mwenyewe haruhusiwi kuuona. Nitakaa zaidi Marekani, Uingereza na Kanada, kwa sababu huko jambo hili limepiganiwa mahakamani hadi hukumu zikaandikwa na kila mtu anaweza kuzisoma, na kwa sababu wengi humu ndani mna kaka, shangazi au mtoto anayeishi Minneapolis, Toronto au London. Mwishoni nitarudi hapa Kenya kidogo.

Nianze na bibi mmoja aliyeitwa Ellen Knauff. Alizaliwa Ujerumani. Enzi za Hitler akakimbilia Chekoslovakia, kisha Uingereza kama mkimbizi, na tangu Januari 1943 hadi Mei 1946 akalitumikia jeshi la anga la Waingereza. Vita vilipokwisha akarudi Ujerumani kufanya kazi ya kiraia chini ya jeshi la Marekani, na wakubwa wake wakamwandikia sifa nzuri. Februari 1948 akaolewa na raia wa Marekani, askari wa zamani aliyekuwa akifanya kazi na jeshi hilo hilo Frankfurt. Wakati ule kulikuwa na sheria maalumu ya kuwarahisishia wake wa askari kuingia Marekani. Basi Agosti 14, 1948 akafika New York, na maofisa wa uhamiaji wakamzuia katika kisiwa cha Ellis. Oktoba 6 Mwanasheria Mkuu akaamua: mwanamke huyu haingii, kuingia kwake kutadhuru usalama wa nchi, na hatasikilizwa popote, kwa kuwa habari zilizotumika ni za siri.

Hakuambiwa amefanya nini. Mumewe hakuambiwa. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Januari 1950, kwa majaji 4 dhidi ya 3, akashindwa. Jaji aliyeandika kwa niaba ya walio wengi alisema, kwa maneno machache kabisa, kwamba utaratibu wowote ambao Bunge limeuidhinisha ndio haki ya mgeni aliyekataliwa kuingia. Wanafunzi, lisikieni neno hilo vizuri. Maana yake ni kwamba hata kama utaratibu wenyewe ni kutokuwa na utaratibu, mgeni huyo amekwisha kupata haki yake yote.

Aliyepinga kwa ukali ni Jaji Robert Jackson. Huyu hakuwa mtu wa kubabaishwa na habari za usalama. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa waendesha mashtaka wa Marekani kule Nuremberg, akawakabili wakubwa wa Kinazi kwa nyaraka zao wenyewe, mchana kweupe. Katika kesi ya Knauff aliandika kwamba hoja ya kuufanya ushahidi wa hatia uwe siri inawachukiza watu huru, kwa sababu inawapa pazia wenye nia mbaya, waliopotoshwa, wadaku na wala rushwa, wapate kuwa watoa habari bila kugunduliwa wala kusahihishwa.

Watu huikumbuka sehemu ya kwanza ya sentensi ile. Mimi nawaomba mwishie pale mwisho: wala kusahihishwa. Tukiongea habari hizi, hasa huku kwetu tulikozoea kuishuku polisi, tunarukia kusema serikali inadanganya. Huenda inadanganya. Lakini si lazima idanganye ndipo mtu asiye na hatia aozee ndani. Inatosha ofisa mwaminifu, mchapakazi, aliandike faili lake kwa habari aliyoiamini, na habari hiyo iwe na kosa. Anayeweza kuliona kosa hilo kwa dakika mbili ni yule anayezungumzwa, naye ndiye pekee aliyefungiwa nje. Hoja yangu yote leo ni hiyo, na kesi zilizobaki nitazisoma kwa jicho hilo.

Kwa sababu magazeti yalipiga kelele, na wabunge wakaanza kuuliza, bibi Knauff hakusahaulika. Mei 1950 walikuwa wamekwisha kumwondoa kisiwani ili apandishwe ndege, na Jaji Jackson mwenyewe ndiye aliyetoa amri ya kusimamisha safari. Mwaka 1951 hatimaye akasikilizwa. Shutuma ikatajwa kwa mara ya kwanza: kwamba alipokuwa akifanya kazi Ujerumani alikuwa akiwapa Wacheki habari. Mashahidi wakaja, wakahojiwa, na bodi ya rufaa ya uhamiaji ilipopima walichosema ikaona ni maneno ya kusikia, fulani kaambiwa na fulani, hakuna cha kuyashikiza. Novemba 1951 akaruhusiwa kuingia. Zaidi ya miaka mitatu ya maisha yake ilichezewa na maneno ambayo yalipotolewa nje hayakusimama.

Sisi tuna methali, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni methali nzuri ya kumtahadharisha mtoto asidharau uvumi. Ni methali mbaya mno ya kuhukumia watu, na nadhani mahakama zilibuniwa ili pawe na mahali pamoja mjini ambapo methali hiyo haina kazi.

Kesi ya pili nitaipita haraka. Ignatz Mezei, seremala, aliishi Buffalo tangu 1923. Mwaka 1948 akasafiri kumwona mama yake aliyekuwa mahututi Rumania, hakuruhusiwa kuingia, akakwama Hungaria miezi kadhaa, akarudi Marekani mwaka 1950 na kukuta mlango umefungwa. Sababu: siri. Akapelekwa Ufaransa, Ufaransa ikamrudisha. Uingereza ikamkataa. Nchi za Amerika ya Kusini alizoziandikia zikakataa. Hakuna nchi iliyotaka mtu ambaye Marekani imesema ni hatari bila kusema kwa nini. Kwa hiyo akabaki kisiwani, na mwaka 1953 Mahakama ya Juu ikasema, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba sheria haikumfunga. Ni yeye tu hana pa kwenda. Aliachiliwa mwaka uliofuata kwa hisani ya serikali, si kwa amri ya mahakama.

Sasa turuke miaka zaidi ya 40. Machi 1998, New Jersey, anakamatwa Mpalestina mmoja aliyeoa raia wa Marekani. Sitalitaja jina lake, aachwe aishi. Kosa lake la wazi ni la viza. Ila akinyimwa dhamana, faili la siri ndilo linalosema. Alipewa muhtasari wa kurasa chache, na ndani yake mlikuwa na kitu kimoja cha kushika: kwamba wiki moja kabla ya bomu la World Trade Center la Februari 1993, watu walikutana nyumbani kwake katika mji wa Nutley. Yeye akaleta uthibitisho kwamba mwaka 1993 hakuwa akiishi Nutley. Akaeleza pia kwamba anashuku maneno yote yametoka kwa mke wake wa zamani, ambaye walikuwa wakigombania mtoto. Majaji wa uhamiaji walioliona faili lenyewe wakaona hoja za serikali ni dhaifu. Bado hakutoka, hadi Oktoba 1999 jaji wa shirikisho alipoamuru aachiliwe. Miezi 19.

Tazameni kilichomwokoa. Ni neno moja, Nutley, lililoponyoka kutoka kwenye faili. Mtu fulani ofisini aliamua kwamba jina la mji linaweza kutajwa bila kuhatarisha taifa. Angeamua vingine, yule bwana angebaki akiapa kwamba yeye ni mtu mwema, na kila mtu hujiapia hivyo. Huku mitaani fitina ya mtalaka tunaijua, tena tunaipima: tunauliza nani kasema, wana ugomvi gani, alikuwepo? Maswali hayo hayahitaji shahada ya sheria. Yanahitaji tu kujua nani kasema nini.

Jambo hili lilifika hata kwenye kampeni za urais. Oktoba 2000, katika mdahalo wa televisheni, George W. Bush alilalamika kwamba Wamarekani wenye asili ya Kiarabu wanaonewa kwa kitu kinachoitwa ushahidi wa siri, na akasema lazima jambo lifanyike. Muswada wa kuufuta ulikuwa ukizungushwa katika Bunge. Haijapita miezi 12 ikafika Septemba 11, na muswada ule ukafa kifo cha kimya. Wanasiasa, mnawajua.

Tuvuke bahari twende Uingereza. Kule mambo yalianza na Karamjit Singh Chahal, Kalasinga aliyekuwa mwanaharakati, aliyefungwa mwaka 1990 akisubiri kurudishwa India. Kesi yake ilipelekwa mbele ya jopo la washauri watatu, bila wakili, na ushauri wenyewe kwa Waziri ulikuwa siri. Alikaa gerezani miaka sita. Novemba 15, 1996 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema jopo lile si mahakama, na akatoka siku hiyo hiyo. Ndipo Uingereza ikaunda tume ya rufaa yenye jaji ndani yake, na ikaleta mtu mpya katika sheria zao: wakili maalumu. Huyo nitamrudia, kwani ndiye kiini cha mambo.

Baada ya Septemba 11 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya 2001. Waziri wa Mambo ya Ndani akimshuku mgeni kuwa gaidi, na mgeni huyo hawezi kurudishwa kwao kwa sababu atateswa, basi Waziri anaweza kumfunga bila mashtaka na bila kikomo. Wengi walipelekwa gereza la Belmarsh, kusini mashariki mwa London. Serikali ilikuwa na jibu kwa waliolalamika: hii ni jela ya kuta tatu tu. Ukuta wa nne haupo. Mfungwa akitaka kuondoka Uingereza aseme, tutamfungulia. Wawili kweli waliondoka, mmoja Morocco, mwingine Ufaransa. Waliobaki, wakiangalia pale ukuta wa nne ulipokosekana, waliona chumba cha mateso cha nchi waliyoikimbia. Mmoja akili ikamruka, akahamishiwa Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili yenye ulinzi mkali.

Desemba 16, 2004 majaji tisa wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya Waingereza wakati ule, walitoa hukumu yao. Wanane kati ya tisa waliipinga sheria ile. Lodi Bingham aliuliza swali ambalo hata muuza mahamri angeliuliza: ikiwa hatari ni ugaidi, na raia nao wanaweza kuwa magaidi, kwa nini mfunge wageni tu? Tena gaidi mnayemwogopa mnamruhusu apande ndege aende Ufaransa akaendelee na kazi? Lodi Hoffmann alikwenda mbali zaidi, akasema tishio la kweli kwa uhai wa taifa halitoki kwa ugaidi bali kwa sheria kama hizo. Miezi saba baadaye, Julai 7, 2005, mabomu yakaua watu 52 London. Washambuliaji walikuwa wanne. Watatu walizaliwa humo humo Uingereza. Sheria ya 2001 isingemgusa hata mmoja wa hao watatu.

Nirudi kwa wakili maalumu, na hapa nitakaa. Ni wakili aliyechunguzwa na kuaminiwa na serikali, anayeruhusiwa kulisoma faili la siri na kumtetea mfungwa katika kikao ambacho mfungwa hayumo. Kwa mbali inapendeza. Karibia sasa. Kabla ya kulisoma faili, anaweza kuongea na mfungwa kadiri apendavyo, lakini hajui amuulize nini. Akishalisoma, anajua amuulize nini, lakini haruhusiwi tena kuongea naye bila kibali, na kuomba kibali ni kuionyesha serikali unachotaka kuuliza. Anakuta humo kwamba mteja wake alionekana mahali fulani, siku fulani, na mtu fulani. Je, siku hiyo alikuwa harusini? Alikuwa amelazwa hospitali? Yule mtu ni binamu yake? Hawezi kuuliza. Anaingia mbele ya jaji akitupa mishale gizani. Mmoja wa mawakili hao, Ian Macdonald, alijiuzulu mwishoni mwa 2004 kwa kuona kwamba anaipamba sheria isiyopambika.

Ila kuna siku mfumo huo ulinasa kitu, na jinsi ulivyonasa ndivyo vinavyoogofya. Mwaka 2006 mbele ya tume ile ya rufaa ya Uingereza ilibainika kwamba pasipoti moja ya bandia ilikuwa imetumika kama ushahidi wa siri katika kesi mbili za Waalgeria wawili tofauti, kwa maelezo yasiyopatana. Haikuwezekana maelezo yote mawili yawe kweli. Aliyegundua ni wakili maalumu, kwa sababu ilitokea tu kwamba yuko katika kesi zote mbili. Angepewa kesi moja, na mwenzake nyingine, kila mmoja angeisoma pasipoti ile, akatikisa kichwa na kuendelea. Wale watu wa idara ya usalama hawakupanga uongo, kwa nionavyo. Mafaili yaliandikwa vyumba tofauti. Basi.

Kanada ilikuwa na hati ya usalama, inayotiwa saini na mawaziri wawili, na ikishatiwa saini mgeni anakamatwa. Wanaume watano wakawa maarufu kwa hati hizo. Mwaka 2006 walijengewa kizuizi chao ndani ya eneo la gereza la Millhaven, na watu wakakipachika jina la Guantanamo ya Kaskazini, kwa kukifananisha na jela ya kijeshi ya Marekani kule Kuba. Mmoja wao, Adil Charkaoui, mwalimu wa Montreal mwenye asili ya Morocco, aliibeba kesi hadi Mahakama ya Juu, na Februari 2007 majaji wote tisa wakasema utaratibu ule unavunja katiba. Bunge la Kanada likarekebisha sheria mwaka 2008 kwa kuleta mawakili maalumu. Uingereza ilipowaunda wa kwake ilisema inaiga Kanada. Sasa Kanada ikaiga Uingereza. Wanaazimana ndoo iliyotoboka.

Hata hivyo mara faili zilipopata wa kuzichokonoa, mambo yakaanza kutoka. Mwaka 2009 ilijulikana kwamba taarifa kuhusu kipimo cha uongo alichofanyiwa mtoa habari hazikuwa zimewekwa mbele ya jaji. Mwaka huo huo hati ya Charkaoui ikaanguka baada ya serikali kuona afadhali iondoe ushahidi kuliko kuufunua. Msiria mmoja aliyekuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka saba, hati yake ikafutwa Desemba. Tusidanganyane: si wote watano walishinda, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliuridhia mfumo uliorekebishwa. Lakini iliweka sharti kwamba mtu anayetajwa katika hati lazima apewe kiasi fulani cha habari ambacho hakipunguziki tena, kitakachomwezesha kumwelekeza wakili wake. Malodi wa Uingereza walikuwa wamekwisha kusema vivyo hivyo Juni 2009, kwa watu waliokuwa wamewekewa vizuizi vya nyumbani.

Najua kuna ofisa mstaafu humu ndani ambaye amekuwa akinitazama kwa huruma. Hoja yake naiheshimu. Mtoa habari akitajwa, anaweza kuuawa. Nchi rafiki iliyokupa habari kwa siri, ukiianika, haitakupa tena. Ni kweli. Sisemi kwamba dola haiwezi kuwa na siri. Nasema siri ni kitu cha kulindia: mfuatilie mtu, kaa nje ya nyumba yake, nasa pesa zake, na ukipata ushahidi unaoweza kuonyeshwa, mfungulie mashtaka. Ukitaka kuchukua miaka ya maisha yake, basi toa angalau jina la mji, tarehe, aina ya kitendo. Kama huwezi hata hicho, basi hujawa tayari kumfunga.

Kuna kumbukumbu moja ya kikao, Guantanamo, 2004. Mbele ya maofisa wa kijeshi ni Mwalgeria aliyekuwa amehamia Bosnia, akakamatwa Sarajevo. Mahakama ya Bosnia ilikuwa imeamuru aachiliwe. Akakabidhiwa kwa Wamarekani. Anasomewa kwamba alishirikiana na mtu anayejulikana kuwa wa al-Qaeda. Anasema: nipeni jina lake. Mwenyekiti anajibu: sijui. Anauliza: sasa nitajibuje? Akawaambia kwamba kama mkubwa wake angemletea shutuma za namna hiyo, angezichukua na kumpiga nazo usoni, na akaomba radhi. Karani ameandika kwamba wote chumbani walicheka. Wale maofisa nao walicheka, maana waliona. Kisha wakamrudisha seli.

Sasa Kenya. Januari na Februari 2007, watu waliokimbia vita vya Somalia walikamatwa mpakani, wakawekwa katika vituo vya polisi Nairobi bila mashtaka, na makumi yao wakapakiwa ndegeni usiku kupelekwa Somalia, na wengine kutoka huko wakafikishwa Ethiopia. Walikuwemo wanawake na watoto. Mawakili walikuwa wamekwisha kwenda Mahakama Kuu kudai waletwe mbele ya jaji. Waliletewa majina ya watu ambao hawapo tena nchini. Aprili 2014, Islii, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na mitaa mingine, karibu watu 4,000 walizolewa, wakachujwa uwanja wa Kasarani. Pale hata faili la siri halikuwepo, sura ilitosha.

Lakini kuna jambo la kujivunia ambalo hatulisemi. Katiba ya 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumika na kuufikia. Mwisho wa 2014 Bunge letu lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama, na ndani yake mkawa na kifungu cha kuruhusu upande wa mashtaka ufiche baadhi ya ushahidi, na kingine cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu, Nairobi, walivifuta vyote viwili. Hukumu ile ni ndefu. Wanafunzi, msiusome muhtasari wake, isomeni yenyewe.

Na kwa mzazi atakayepigiwa simu kutoka ng'ambo usiku, aambiwe mwanawe kashikwa na uhamiaji na hakuna anayesema kwa nini: usianze kumuuliza wakili kama mtoto atatoka lini. Muulize ni kifungu gani cha sheria wametumia, cha viza au cha usalama, kwani dhamana na rufaa hutegemea hilo. Muulize kama ameomba muhtasari wa faili kwa maandishi. Halafu kaa na jamaa, mwandike alikuwa wapi mwaka gani, aliishi nyumba gani, alifanya kazi na nani, ana ugomvi na nani. Tafuteni risiti, mikataba ya nyumba, picha za harusi zenye tarehe. Fanyeni mapema, kabla hamjajua swali litakuwa lipi.

Nimemaliza. Yule ofisa mstaafu ameshanyoosha mkono, tuanze naye.